Fremu ya chuma kugeuzwa ya zege

SWALI: Jengo letu la ofisi la ghorofa 6 lilichorwa kwa fremu ya chuma, nguzo zikiachana mita 12. Mwenye mradi sasa anataka zege. Je, inatosha kubadilisha boriti na nguzo tu?

JIBU: Haitoshi. Anzeni na msingi. Sakafu ya tabaka jembamba la zege juu ya mabati, pamoja na boriti zake za chuma, huwa na takriban kilo 300 kwa mita ya mraba. Slabu bapa ya zege, yaani sakafu isiyo na boriti inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo, ikiwa na unene wa milimita 250 ina kilo 625. Msingi wa zamani haukupimiwa mzigo huo, na palipo na tetemeko, uzito ukiongezeka na nguvu ya kulisukuma jengo huongezeka.

Mita 12 ni nyingi mno kwa slabu hiyo. Punguzeni nafasi kati ya nguzo hadi mita 7.5 au 8. Nguzo zitahama na kunenepa, kwa hiyo kagueni maegesho ya chini kabla ya kumwonyesha mteja chochote.

Penye hatari hasa ni kichwani mwa nguzo, ambapo nguzo inaweza kuitoboa slabu. Ongezeni unene au nondo za kuzuia mtoboko hapo. Fundi bomba naye hupenda kupitisha tundu lake palepale. Mkatazeni kwenye mchoro, si kwa mdomo.

Faida ipo: bila boriti, mifereji ya hewa hupita bila kizuizi na kimo cha kila ghorofa hupungua.