Maswali Yenu: Mita 200 za Ziwa na Muhuri wa Mwenyekiti

Nimenunua kiwanja karibu na maji, Masese, hapa Jinja. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameshapiga muhuri. Nianze msingi?

Usianze. Swali hili linaletwa kila mara na mtu aliyekwisha kulipa. Ulizeni kabla ya kutoa pesa! Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ufuko wa Ziwa Victoria na mita 100 za ukingo wa Nile. Muhuri wa LC1 unashuhudia tu kwamba wewe na muuzaji mlikubaliana. Haugeuzi ufuko kuwa kiwanja. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa, mito na ardhi oevu ni amana iliyowekwa mikononi mwa serikali kwa faida ya raia wote. Aliyekuuzia ameuza cha watu. Na hata sheria ingenyamaza, ziwa halinyamazi: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Nyumba na mialo ikafunikwa.

Mbona matajiri wanajenga hoteli hadi majini na hawaguswi?

Una haki ya kukasirika, ila kosa lao halikupi wewe ruhusa. Ruhusa ya kutumia ufuko hutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, si kwa mwenyekiti wala diwani. Basi mwambieni diwani wenu aidai karatasi hiyo ndani ya baraza, mbele ya watu, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakati wa kupiga kelele ni pale mabati yanapozungushwa na malori yanapoanza kumwaga udongo. Jengo likishafika ghorofa ya pili, watakaobomolewa ni akina mama wachuuzi wa samaki walio pembeni yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na bado yananiuma.

Kaveera, mifuko ya plastiki, bado inaruhusiwa?

Yenye unene wa chini ya maikroni 30 imekatazwa na Sheria ya Mazingira ya 2019. Beba kikapu.

Mtaro wetu Walukuba umeziba kwa taka. Niende kwa meya?

Anzia kijijini kwako. Kamati ya LC1 ina watu 10, na mmoja wao ni katibu wa uzalishaji na utunzaji wa mazingira. Katika uchaguzi wa LC1 wa mwaka 2018, tulipopanga mstari nyuma ya wagombea, macho yote yalikuwa kwa mwenyekiti. Katibu huyu wengi hawamjui hata kwa sura. Mtafuteni, mpelekeni auone mtaro, kisha nendeni naye kwa diwani wa divisheni na barua iliyoandikwa. Nakala ibaki kwenu. Jinja ni jiji tangu Julai 2020, na jiji lina wajibu wa kuzoa taka hata mitaa isiyopitwa na wageni.

Gugu maji limerudi mwaloni. Serikali si inyunyize dawa?

Hapana, maji hayo tunayanywa. Miaka ya 1990 waliachiliwa fukusi, wadudu wanaolila gugu hilo, likapungua sana. Linarudi kwa sababu tunalilisha: kinyesi, mbolea, maji machafu ya viwandani, na kila kinachopita mitaroni hadi ziwani. Wewe na msomaji wa Walukuba mna kesi moja. Nendeni kwa diwani pamoja.