Kwa mnaoanza njia ya Buddha: hangaikeni na nia kwanza

Ndugu zangu mnaoanza, kila wageni wakija kukaa na sisi kwenye meditesheni swali lao huwa ni lilelile, nifanyeje mawazo yaache kuja? Na mi jibu langu halibadiliki, acha kwanza kuyazuia, jifunze kujua yanataka kukupeleka wapi. Kwenye Njia Nane, yaani hatua nane alizofundisha Buddha za kuondokana na mateso, nia sahihi ni ya pili kabisa, baada tu ya mtazamo sahihi, na hayo mambo ya utulivu mnayoyakimbilia yako mwishoni huko, ya saba na ya nane. Sawa, zote zinaenda pamoja, sio kwamba unamaliza moja ndo uanze nyingine, ila mtu mwenye chuki moyoni akifumba macho lisaa lizima atakuwa amekaa na chuki yake tu.

Nia njema zimetajwa tatu. Kuachilia, yaani kutong'ang'ania starehe, halafu kutokuwa na chuki, halafu kutotaka kumuumiza yeyote. Kinyume chake tamaa, chuki na ukatili. Na Buddha alisema wazi kabisa kwamba nia ndo karma, mtu akishakusudia ndo anatenda kwa mwili, kwa mdomo au kwa akili, kwa hiyo wale mnaodhani karma ni mikosi inayokufuata kutoka sijui wapi naomba mlitoe hilo kichwani mapema.

Sasa inafanywaje? Kwenye hotuba ya 19 ya Majjhima Nikaya, mkusanyo mmoja wa hotuba zake, Buddha anasimulia mwenyewe kwamba kabla hajaamka kiroho, yaani kabla hajawa Buddha, aliamua kuyagawa mawazo yake mafungu mawili, haya ya tamaa, chuki na ukatili huku, yale ya kinyume chake kule. Likija wazo la chuki analitambua, limekuja, anajiambia hili linaniumiza mimi, linaumiza wengine, linaumiza wote, linaua hekima, na lenyewe linapotea. Akasema kile mtu anachokiwaza mara kwa mara ndiko moyo wake unakoelemea. Halafu akatoa mfano wa mchungaji, mwishoni mwa masika ya kwao India mazao yamejaa shambani, mchungaji lazima awe na fimbo, azuie ng'ombe huku na kule, maana wakiingia shamba la mtu atapigwa, atafungwa, atalipishwa faini (waliokulia Kilosa au Kiteto kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji hawahitaji maelezo). Mazao yakishavunwa anakaa zake chini ya mti, kazi yake ni kujua tu kwamba ng'ombe wapo pale. Mawazo mabaya yanataka fimbo, mema yanataka kuangaliwa tu. Tena akaongeza kwamba hata mema ukiyawaza kutwa kucha mwili unachoka na akili inavurugika, kwa hiyo usijilazimishe kuwaza upendo mpaka kichwa kiume.

Mazoezi yenyewe msiyafanyie kwenye mkeka peke yake. Rahula, mwanae Buddha, alifundishwa kuangalia mara tatu, kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada ya tendo, hili litaniumiza au kumuumiza mwingine? Chukua simu yako, kwenye grupu la ukoo shemeji kaandika maneno ya kukuchoma kuhusu michango ya msiba, umeshaandika jibu refu, kidole kiko kwenye kutuma. Simama hapo, usiangalie kama unachosema ni kweli, maana pengine ni kweli tupu, angalia unataka nini, unataka jambo lieleweke au unataka aumie? Ukiona unataka aumie futa, andika upya baadae.

Kutoa nako ni hivyohivyo. Wanaopeleka chakula kwa watawa, pale Dar kwenye hekalu lililoanzishwa na Wasinhala au Uganda kwenye kituo alichoanzisha mtawa Bhante Buddharakkhita mwaka 2005, wanajua kinatakiwa kifike kabla ya saa sita mchana, basi jikoni kunakuwa na haraka, na katikati ya haraka unajikuta unawaza kama watu wataona mchuzi wako ndo mtamu zaidi. Usiache kupika kwa sababu hiyo! Mafundisho yanasema mtoaji awe na furaha kabla ya kutoa, moyo safi wakati wa kutoa, na aridhike baada ya kutoa. Wazo la sifa limeingia, litambue, endelea kukoroga.

Kuhusu metta, yaani zoezi la kuwatakia mema wote kwa upendo, anzeni na nafsi zenu, kisha mtu mnayemheshimu na kumpenda, kisha yule asiyekuhusu kama muuza vocha wa pale kona, adui awe wa mwisho kabisa, mpangilio huo upo tangu enzi za Buddhaghosa, mtawa aliyeandika ufafanuzi wa mafundisho kule Sri Lanka karne ya 5. Mgeni anayeanza na adui mara nyingi anaamka na hasira kuliko alivyokaa.

Na kuna sehemu ya maneno aliyoambiwa Rahula ambayo naona wengi mnairuka. Ukikuta umekosea kwa mwili au kwa mdomo, mwambie mwalimu au mwenzako mnayefanya naye mazoezi, usikae nalo. Ukikuta tendo lilikuwa jema, kaa na furaha hiyo mchana na usiku ukiendelea kujifunza. Mnajikagua makosa tu jioni mpaka mnachoka na njia yenyewe, wakati hiyo furaha nayo ni sehemu ya mazoezi, kwa hiyo leo usiku kabla hujalala tafuta jambo moja ulilolifanya kwa nia safi, hata kama ni kumpisha mama siti kwenye daladala, ulifurahie.