Bustani ya kiganga nyumbani: kila mmea na kazi yake, kila mmea na mwiko wake

Tangu nianze kuweka picha za uwani kwangu meseji haziishi, na swali ni lilelile, dada hiyo ni bustani ya uchawi au? Najibu hapa kwa wote. Ni bustani ya kiganga, nimeipanda kwa mambo niliyoyakuta kwa wazee wangu, ya kinga ya nyumba, ya harufu nzuri, ya kuombana msamaha, ya kuwakumbuka waliotangulia, na hakuna cha kumdhuru mtu humo. Mi nakaa Tanga, bibi mzaa baba alikuwa Mdigo wa kule Mkinga na mama yangu ni Mchaga wa Marangu, kwahiyo ndani ya uwanja mmoja mdogo wa mchanga nina vitu vya pwani na vya mlimani vinakaa pamoja.

Sasa ukiingia mtandaoni kutafuta mambo haya utakutana na bustani za Ulaya na Marekani, lavenda, fuwele za rangi, sanamu za mwezi, na ni nzuri kuangalia sikatai. Zile nyingi zinatokana na Wika, dini ambayo Gerald Gardner aliitangaza Uingereza miaka ya 1950 baada ya sheria yao ya zamani ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Wenzetu wale wamechukua mimea ya kwao, yenye historia ya kwao. Ushauri wangu wa kwanza ni huo, chukua wazo la kuwa na bustani yenye roho ila mimea chukua ya kwenu. Kwanza lavenda kwa joto na unyevu wa pwani inaoza mizizi tu, pili hata ikikubali haina mtu wako aliyewahi kuishika akakwambia hii ni ya nini.

Kama unataka kuona bustani yenye roho inakuwaje nenda kwenye kaya za watu wa Mijikenda, upande wa Kenya hapo, nyingi ziko Kwale na Kilifi. Ni misitu ambayo zamani ndani yake kulikuwa na vijiji vyenye ngome, watu wakahama taratibu mpaka kufikia miaka ya 1940 vikawa vimebaki vitupu, ila msitu ukaendelea kulindwa kwa sababu ni kwa wazee waliokufa na ni mahali pa kuombea. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa kwenye urithi wa dunia. Ile ya Kinondo karibu na Diani inapokea wageni, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaambiwa usichume jani, usibebe hata jiwe, usifanye mapenzi mapenzi humo ndani, na unatembea kwenye njia. Kaya huwa na fingo yake, yaani dawa ya kinga iliyozikwa na wazee kuilinda, na mahali ilipo hapakanyagwi ovyo.

Yaani hiyo ndio siri yote jamani. Hakuna sanamu mle, hakuna taa, hakuna chochote cha kununua, kuna miti na kuna miiko, na ile miiko imeweza kutunza msitu wakati pembeni yake kila kitu kimekatwa. Kwahiyo ukitaka bustani yako iwe na maana anza na miiko kabla hujanunua hata mche mmoja. Mi yangu ni michache. Anayeingia anavua viatu. Hakuna kutukanana humo wala kusengenya. Hakuna kuchuma baada ya magharibi. Na ukichuma unauomba mmea kwanza, unausemesha kwa sauti, unasema unachukua kwa ajili ya nani na kwa shida gani.

Hili la kuuomba mti watu wanaliona la kizamani ila hebu litazameni vizuri. Waganga wa huku wengi wakienda kuchimba dawa wanasema na mti, wengine wanaacha hela chini, alafu gome linatolewa upande wa mawio na upande wa machweo tu, halizungushwi. Ukizungusha gome mti mzima mti unakufa, chakula kinachotoka majanini hakishuki tena mizizini. Wale wazee walikuwa wanaheshimu roho ya mti na papo hapo mti unabaki hai kwa ajili ya mgonjwa wa kesho, na kwangu mi vitu hivyo viwili havijawahi kutengana. Ukisimama ukataja jina la unayemchumia, mkono wenyewe unachukua kinachotosha.

Haya tuje kwenye mimea. Kanuni ni moja, usipande mmea ambao huwezi kusema kazi yake na nani alikwambia. Kama hujui nenda kamuulize mtu mzima wa kwenu, bibi, shangazi, mama mkubwa, na umuulize kwa adabu, kaa naye, usimuulize kwa haraka na simu imewashwa inarekodi. Mi bibi alinianzishia kwa kivumbasi. Aliniambia "mjukuu wangu, nyumba isiyo na kivumbasi mlango uko wazi", basi nikapanda pande zote mbili za mlango. Kinaota chenyewe kwa mbegu hata kwenye mchanga mbaya, na jioni ukichoma matawi makavu kwenye chetezo mbu wanapungua kweli kweli, na bibi yeye alikuwa anasema na vingine visivyoonekana vinaondoka. Mi nachoma kwa nia zote mbili.

Mrehani upo karibu yake. Huu unataka jua la asubuhi na maji kidogo kidogo, na ukiona unaanza kutoa maua ya juu yakate, la sivyo majani yanakuwa madogo na mmea unazeeka mapema. Rehani nachanganya na asumini na langilangi kufunga vikuba, vile vifungu vya maua ya kunukia vya kujipamba, na siku ya kwenda makaburini nachukua shada la rehani. Asumini inafunguka jioni kwahiyo ichume ikiwa bado vichomozo, ifunge kwenye kitambaa chenye maji, usiku chumba kizima kinanukia. Mlangilangi fikiria mara mbili kama uwanja ni mdogo maana ukiuacha unapita paa la nyumba, wenzetu Wakomoro wanaolima kwa ajili ya mafuta ya manukato huwa wanaukata na kuuinamisha ubaki mfupi wa kufikiwa na mkono, fanya hivyohivyo, na maua chuma alfajiri kabla jua halijachoma harufu.

Mwarobaini ndio mti wa kinga ambao kila mtu anautaka. Sawa panda, ila mbali na ukuta na mbali na karo la choo, mizizi yake haina mchezo. Kazi yake kubwa kwangu ni kulinda wenzake, natwanga majani naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo alafu napulizia jioni, usipulizie mchana kwa sababu jua linaiua nguvu ile dawa. Kunywa sikushauri kiholela, mjamzito asinywe kabisa, na mafuta ya mbegu yake usimpe mtoto mdogo hata tone maana yameshawahi kudhuru watoto vibaya. Mshubiri pia, utomvu ule wa njano unaharisha, sio kila cha asili ni cha kumeza.

Masale ndio moyo wa bustani yangu kwa kweli. Kwa Wachaga jani la isale likifungwa fundo ukalipeleka kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha na kulikataa ni jambo zito sana, na ndio mmea unaouona kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya nyumbani, na palipozikwa wazee. Mama alinitumia vipande vya shina kwa basi vimefungwa kwenye gazeti. Ukivipata viache siku moja kidonda kikauke, chomeka kwenye kivuli, usimwagilie sana, vitashika tu hata huku kwenye joto ila jua kali la mchana linababua majani. Mimi na mdogo wangu tuliwahi kupitisha kipindi kirefu hatusemeshani kwa ajili ya mambo ya urithi, na siku nilipomfungia jani na kumpelekea hakusema neno, alilichukua akaenda kuliweka kwenye glasi ya maji, alafu akaniuliza kama nimekula. Watoto wetu waliyaona hayo, na leo hii wakigombana wao wenyewe wanakimbilia kwenye masale. Mbwa na paka wasiyatafune, yanawadhuru.

Vitu ambavyo sipandi ni mnyonyo, wengine mnauita mbarika, na mnanaha. Najua wote wana sifa kwenye mambo haya, ila mbegu za mnyonyo ni sumu ya kuua na mnanaha unampagawisha mtu mpaka anapoteza maisha, na nyumba yangu ina watoto. Utupa nilikuwa nao pembeni kwa ajili ya fuko, ila kama unafuga samaki usiuweke karibu na bwawa, ni dawa ya kuvulia ile.

Udi na ubani havioti hapa, hivyo ni vya dukani, udi unatoka mbali huko Asia na ubani Somalia na Omani. Usiumie. Kilicho chako ni majani, moshi nunua.

Kuhusu siku, mi napanda mwezi ukiandama na kupogoa mwezi ukianza kupungua. Siwezi kukuambia kwamba mmea unaota vizuri zaidi kwa hilo, ninachojua ni kwamba linanifanya niangalie juu, na nisipitishe mwezi bila kukaa na mimea yangu. Alafu kuna Julai, wakati Makunduchi kule Unguja wanafanya Mwaka Kogwa, wanachapana kwa migomba mpaka hasira za mwaka ziishe na kibanda cha makuti kinachomwa moto. Nami wiki hiyo nakusanya makavu yote ya bustani nayachoma, kila mtu wa nyumbani anatupia jani lake moja na kinyongo chake, bila kukitaja. Majivu narudisha kwenye udongo, kidogo tu.

Sasa jambo zito, majirani. Ndugu zangu tunaishi kwenye nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliyoachwa na Waingereza bado ipo kwenye vitabu. Kwahiyo usifanye siri siri. Usifukie kitu chochote mpakani, usitundike vitambaa vyekundu na vyeusi vinavyoangalia barabara, usichome usiku wa manane. Mwite jirani mapema, muonyeshe mmea mmoja mmoja, mpe miche ya kivumbasi na mchaichai akapande kwake. Jirani yangu mmoja alikuwa hapiti upande wa kwetu kabisa, sa hivi anatuma mtoto na kisahani aje achukue rehani, na mtoto anajua kuvua ndala na kubisha hodi kwa mmea. Na mtu akija kutaka umtibu mkatalie kwa upole, waganga wanasajiliwa kwa sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, wewe una bustani tu, homa kali ni ya hospitali.

Kwa mnaoishi nyumba za kupanga, msikate tamaa. Ndoo za rangi zilizotobolewa chini zinatosha, tia mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kivumbasi, mrehani, asumini moja na kipande cha masale kivulini, na kama maji ya kisima chenu yana chumvi kinga maji ya mvua uyaweke kwenye pipa maana asumini haivumilii chumvi. Mwenye nyumba muombe ruhusa kabla. Siku ya kuhama ndoo zitangulie kwenye nyumba mpya, hata kabla ya kitanda.