Kabla hujanunua hiyo fishi fainda, funua dashibodi uangalie waya

Mkuu subiri, usilipe kwanza. Umesema boti ya faiba futi 19, mashine ya farasi 60, betri moja, unataka fishi fainda (kile kifaa cha skrini cha kuonyesha samaki chini ya boti) yenye GPS, redio ya VHF ya kuongelea baharini, taa za LED na muziki, unauliza skrini ya inchi 7 au 9, halafu ukamalizia eti fundi wa miziki ya gari atakufungia Jumamosi. Hapo ndo nikaweka chai chini.

Huyo fundi namjua. Sio huyo wako, wangu, ila ni walewale. Alikuja na waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja, kila kiungo anasokota kwa vidole anazungushia tepu nyeusi, namuuliza fyuzi ziko wapi ananijibu "bosi hii volti 12 tu, haiui mtu". Kweli haikuua mtu. Iliua mashine.

Sikiliza ilivyokuwa. Pampu ya kutoa maji aliiunga kwa hiyo hiyo tepu na kiungo kikalala kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, palepale maji ya chumvi yanapojikusanya. Sasa waya wa chanya wenye umeme ukishinda ndani ya maji ya chumvi shaba inaliwa, tena haraka, kwa nje unaona ganda jekundu zuri tu kumbe ndani ni unga wa kijani. Betri nayo ndo hiyo moja, muziki ulishainywa tangu mchana. Ilikuwa Aprili, boti imefungwa kwenye boya Msasani, masika imepiga usiku kucha, pampu kimya. Maji ya mvua yakajaa, uzito wote wa mashine uko tezi, kule nyuma, tezi ikalala, mawimbi yakaanza kuingilia nyuma, asubuhi naonyeshwa omo tu, ile pua ya mbele, imechungulia kama kiboko.

Chekeni tu, mke wangu aliwatangulia, mpaka leo kwenye vikao vya ukoo natambulishwa kama nahodha wa nyambizi.

Akaja bingwa wa pili, huyu wa mashine, eti "tuianike kwanza ikauke". Ikauke nini?? Mashine ikizama baharini inaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, plagi zinatolewa, inazungushwa maji yatoke kwenye silinda, inamwagiwa oili, na kama haina mchanga ndani inawashwa hapohapo. Ukiianika, chumvi na hewa vinashirikiana kula beringi na ringi. Ilipokuja kufunguliwa imeganda, na bwana yule bado anataka hela ya ufundi aisee.

Kwahiyo mimi sheria yangu ni moja, WAYA KWANZA, SKRINI BAADAYE. Weka betri mbili, ya kuwashia mashine isiguswe na kitu kingine chochote, ya vifaa iwe dipu saiko, ile ya kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, maana betri ya stata imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, sio kukesha inapiga singeli. Fyuzi ikae jirani na betri, ndani ya sentimita 18, sio kule kwenye dashibodi, kwasababu fyuzi kazi yake kubwa ni kulinda waya, na waya usio na fyuzi ukichubuka ukagusana na hasi ndo moto wenyewe huo na tenki la petroli liko miguuni kwako. Waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, na ukipima unene hesabu urefu wa kwenda NA kurudi. Pampu na swichi yake ya boya, ile inayoiwasha maji yakipanda, zichukue umeme moja kwa moja kwenye betri ya vifaa kwa fyuzi yao wenyewe ili hata ukizima swichi kuu ukaenda kulala zenyewe ziko kazini. Viungo vyote juu, mbali na ngama.

Hiyo VHF ukiongea kwa wati 25 inavuta kama ampea 5 au 6, kwenye kawaya kembamba itazima kabla hujamaliza kutaja jina la boti, na siku unaita chaneli 16, ya kuomba msaada, sio siku ya kubembelezana na redio.

Mambo ya inchi 7 au 9 wapo humu watakujibu. Wewe piga picha nyuma ya dashibodi, sio mbele, weka hapa tuone. Na huyo wa Jumamosi mwambie umesafiri.