Jibu: Mbunge kumbana waziri kuhusu misaada na haki za binadamu

Mkuu, umeuliza kama mbunge wetu wa hapa Dar anaweza kumbana waziri kuhusu misaada inayositishwa kwa sababu ya haki za binadamu, au hayo ni ya Ikulu na mabalozi. Anaweza, na ni kazi yake. Ibara ya 63(3) ya Katiba inalipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri swali lolote la umma lililo ndani ya wajibu wake.

Shida ni namna ya kuuliza. Akisema "serikali ina mpango gani kuhusu haki za binadamu", atajibiwa kwamba serikali inaendelea kuheshimu sheria, basi. Aje na tarehe na fedha. Machi 2016 bodi ya MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilisitisha ushirikiano nasi, takriban dola milioni 472, ikitaja uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Aulize: miradi gani ya umeme ilikwama, na pengo lilizibwa na fungu gani? Kisha abane kwenye swali la nyongeza, maana hilo waziri halijui kabla.

Linaloniuma zaidi ni la wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito. Mkopo wa elimu wa Benki ya Dunia ulikwama 2018 kwa sababu hiyo, na ruhusa ya kurudi darasani ikaja Novemba 2021. Wangapi wamerudi kweli, wilaya kwa wilaya? Mwandikie mbunge wako hilo kabla ya mkutano ujao, kisha fuatilia jibu kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge.