Yola hakuanzia kwenye Walk Through Fire

Je, mwimbaji Yola alianzia kwenye Walk Through Fire? Hapana, hiyo ya 2019 ni albamu yake kamili ya kwanza akiwa peke yake, lakini si mwanzo wa kazi yake. Yola, ambaye ni Mwingereza wa pande za Bristol na si Mmarekani kama wengi wanavyodhani, aliwahi kuwa mwimbaji mkuu wa bendi ya Phantom Limb, iliyokuwa tayari inachanganya muziki wa kantri na wa soul, na mwaka 2016 akatoa santuri fupi iitwayo Orphan Offering. Kwa hiyo ladha hiyo ya kantri na soul hakupewa na Dan Auerbach, mtayarishaji wa Walk Through Fire, kule Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri; alikwenda nayo.

Tofauti kati ya albamu zake inasikika mtu akizicheza kwa mfuatano: katika albamu ya 2019 fidla na gitaa la kantri vimetangulia, ilhali katika Stand for Myself ya 2021 besi na ngoma ndizo zinazoongoza, na baadhi ya nyimbo zinakaribia disko. Ila anayetafuta kantri asianzie kwenye My Way ya 2025, kwani humo vinanda vya kielektroniki vimetawala.