Kwa Anayetaka Kujitolea Kuwatunza Watoto Yatima Wenye Ulemavu

Kila Desemba inapokaribia, makao ya watoto jijini Nairobi hupokea wageni wengi. Huja vikundi vya makanisa, wafanyakazi wa kampuni na wanafunzi wa vyuo, wakiwa wamebeba unga, sukari, mafuta ya kupikia na nepi. Shule zikifunguliwa Januari, wageni hao hupungua, ilhali watoto wanahitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani vilevile kama walivyohitaji siku ya Krismasi. Kwa miaka kadhaa nimejitolea katika makao yaliyo upande wa Dagoretti, ambamo watoto wengi wana mtindio wa ubongo (ubongo usioweza kuiongoza misuli vizuri), kifafa, mgongo wazi (uti wa mgongo ambao haukufunga vizuri kabla ya kuzaliwa) au maji kichwani. Anayeniuliza aanzie wapi humshauri achague kazi moja, siku moja ya juma na saa moja, kisha aishike kazi hiyo kwa mwaka mzima.

Kabla ya hayo, hakikisha kwamba makao unayoyaendea yamesajiliwa na kwamba ofisi ya watoto ya eneo hilo inayafahamu. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na kwa hiyo si kila nyumba yenye bango mlangoni inaendeshwa kihalali. Tafuta cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi hata kama hujaombwa. Makao yanayokuruhusu kumbeba mtoto siku ya kwanza bila kukuuliza jina wala shughuli zako, mimi ningeyaondokea, kwa sababu mlango uliokuwa wazi hivyo kwako uko wazi kwa kila mtu.

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni ya kulisha, na ndiyo inayodharauliwa zaidi na wageni, ambao hupenda kucheza na wale watoto wanaoweza kukimbia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mkali hana mamlaka kamili juu ya ulimi, midomo na koo lake. Akilishwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma ili uji uteremke haraka, chakula huweza kuingia katika njia ya hewa kikafika mapafuni, na nimonia inayotokana na hali hiyo ni miongoni mwa mambo yanayowaua watoto hawa. Wengine hata hawakohoi chakula kinapokosea njia. Utaona tu machozi yakilengalenga, au utasikia pumzi ikibadilika na sauti kuwa ya majimaji, na hapo inakupasa usimame mara moja na umwite muuguzi.

Kwa hiyo mkao hutangulia chakula. Mtoto huketishwa wima, nyonga zikiwa zimekunjwa na miguu ikiwa na mahali pa kukanyaga, kichwa kikiwa katikati na kidevu kikielekea kidogo kifuani, naye mlishaji huketi mbele yake usawa wa macho. Kijiko huwa kidogo, hakijazwi, na kinachofuata hakitolewi kabla hujaona kwamba cha kwanza kimemezwa. Uzito wa uji, aina ya kiti na muda wa kupumzika huamuliwa na muuguzi au mtaalamu wa tiba anayemjua mtoto huyo, kwa kuwa kinachomfaa mmoja kinaweza kumkaba mwingine. Mtoto anayelishwa kwa mpira unaopitia puani usimguse kabisa mpaka upewe mafunzo na uruhusiwe. Baada ya mlo, aendelee kukaa wima kwa takriban nusu saa. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika arubaini, na mama mlezi mwenye watoto wanane wa kulisha hana dakika hizo. Wewe unazo, na ndiyo sababu unahitajika pale.

Ukimlisha mtoto yuleyule juma baada ya juma utaanza kuyajua mambo ambayo hayajaandikwa katika faili lake: upande anaoutumia kutafuna, namna anavyofumba midomo akiwa ameshiba, jinsi anavyotazama kikombe akitaka maji. Mtoto asiyesema husema kwa njia hizo, lakini huzielewa yule tu aliyekaa naye muda mrefu. Waandikie akina mama walezi mambo hayo katika daftari la zamu, na uwaulize wao kwanza kabla ya kuamini kwamba umegundua jipya, kwani mara nyingi wameyajua kitambo.

Kuna dalili ambazo kila anayejitolea anapaswa kuzijua hata kama si mhudumu wa afya. Mtoto mwenye maji kichwani ambaye amewekewa mrija wa kuyatoa, akianza kutapika, kulala kupita kawaida au kulia kwa namna isiyo yake, huenda mrija umeziba, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo. Anayeshikwa na kifafa mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, na utazame saa. Degedege ikipita dakika tano, ahitaji msaada wa dharura. Dawa za kifafa zisikatizwe ghafla, hata mtoto akionekana amepona, kwa sababu kuzikatiza huweza kuleta degedege isiyokoma. Baluni nazo, zinazoletwa na karibu kila kikundi, zisiingie walipo watoto wenye mgongo wazi, kwani wengi wao hupata mzio wa mpira unaotumika kutengenezea baluni na glavu, na mzio huo unaweza kuwa mkali.

Kuhusu picha nitasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, nayo sura ya mtoto ni taarifa yake. Acha simu mfukoni.

Mtoto anapolazwa hospitalini, iwe Kenyatta au kwingineko, wadi huhitaji mtu wa kukaa naye kitandani, na makao yenye walezi wachache hubaki na pengo. Hapo mtu anayejulikana na mtoto ni msaada mkubwa. Beba karatasi moja inayoeleza dawa zake na saa zake, mzio wake, anavyolishwa na anavyoonyesha maumivu. Usitie sahihi kukubali upasuaji wala matibabu yoyote, kwa maana idhini hiyo hutolewa na mwenye dhamana ya mtoto kisheria.

Jambo la mwisho ni gumu kwa wengi wetu. Mpango wa taifa wa kurekebisha malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwarudisha watoto katika familia, wawe na ulemavu au la, na baadhi ya tunaowaita yatima wana shangazi, nyanya au hata mzazi aliyeshindwa na gharama za dawa na kiti cha magurudumu. Jamaa akijitokeza, usione kwamba ananyang'anya mtoto uliyemzoea. Mwalike wakati wa mlo, mwachie kijiko, mwonyeshe mkao, na umpe nakala ya yale uliyoandika daftarini. Msaidie pia kufuatilia usajili wa mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na umwambie kliniki ya mazoezi ya viungo iliyo karibu na kwake. Kisha mwulize kama angependa umtembelee nyumbani majuma ya kwanza, akiwa bado anajifunza kumlisha peke yake.